Sauti Iliyowekwa Nyumbani

Meza ya kona sebuleni ilikuwa ya cherehani ya Margaret kwa miaka ishirini na sita. Siku Changawa Ruwa alipoihamishia cherehani chumbani na mahali pake akaweka kompyuta nyeusi, kubwa, iliyotoka kwenye ofisi ya mizigo iliyofungwa kule Kilindini, mkewe hakugomba. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaitazama.

"Haya," akasema. "Wenzangu huletewa mke mwenza anayeweza angalau kuteka maji."

"Huyu hatagusa chakula chako."

"Atakula stima."

Tangu hapo mashine ile ikaitwa Bi Mdogo, na majirani wa Mikindani wakaizoea kwa jina hilo. Margaret aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika juu. Changawa alikiondoa kwa sababu mashine ilihitaji hewa; Margaret akakirudisha. Mwishowe wakapatana kitambaa kikae upande mmoja tu, kama kofia iliyopinda.

Changawa alikuwa na miaka sitini na minane. Shule yake iliishia darasa la saba Kaloleni, kisha akashuka Mombasa na kuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Kompyuta zilipoingia, vijana wenye vyeti walipelekwa kozi ya wiki mbili na yeye akaachwa na kalamu yake.  Wenzake walipokuwa wanakwenda zao jioni, yeye alibaki na kitabu cha maelekezo mkono mmoja na kamusi mkono wa pili, akisoma sentensi moja mara tano mpaka ikubali. Alipostaafu, wale wenye vyeti ndio waliokuwa wakimwita mashine zikigoma. Hakuna aliyemwandikia barua ya shukrani. Zama za barua za shukrani zilikuwa zimekwisha, kama zilivyokwisha zama za mtu kubisha hodi na kungoja aitikiwe.

Watu walimwuliza kwa nini ajitaabishe na seva ndani ya nyumba, ilhali dunia nzima inaweka vitu vyake kwenye makampuni ya ng'ambo bila jasho. Changawa alikuwa na majibu mawili, na hilo la kwanza hakumpa kila mtu.

Alipokuwa kijana, usiku mmoja wezi waliingia kwao Kaloleni wakang'oa vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee wa ukoo waliokufa. Viliuzwa. Ilisemekana viko kwenye nyumba za matajiri nchi za mbali, vimesimamishwa kando ya viti vya ngozi. Babake alikaa siku nzima mbele ya mashimo matupu, hakula, hakufukuza hata nzi. Changawa hakusahau yale mashimo.

Jibu la pili lilikuwa la juzijuzi. Aliwahi kuamini kampuni moja ya ng'ambo iliyohifadhi picha za watu bure. Akapeleka huko picha zote za ukoo, pamoja na picha ya pekee ya mamake, kwa maana za karatasi mchwa walikuwa wameshazianza. Asubuhi moja akaunti yake ilifungwa. Barua ilisema amevunja masharti, haikusema sharti gani. Aliandika mara tisa, na mara tisa akajibiwa na mashine kwa adabu. Wakati huo mchwa walikuwa wamemaliza kazi yao. Changawa alikaa mbele ya kioo cheupe cha kompyuta vile babake alivyokaa mbele ya mashimo.

Ndipo akaamua kwamba kilicho chake kitalala chini ya bati lake.

Hakuchagua kwa pupa. Kwa miezi mitatu alijaribu programu moja baada ya nyingine, zile huria ambazo mtu huziweka mwenyewe kwenye mashine yake. Ya kwanza ilipendeza macho, lakini kila asubuhi ilipiga hodi kwa wenye nayo ng'ambo kuomba ruhusa ya kufunguka. Akaifuta. Ya pili ilianguka kila stima ilipopotea, na Mikindani stima hupotea mtu akikohoa. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura na nzito kwa mwendo, ila haikumjua mtu yeyote nje ya nyumba ile. Hiyo ndiyo aliyoikaribisha. Akaitilia diski mbili pacha: kinachoandikwa kwenye hii huandikwa papo hapo kwenye ile, moja ikifa nyingine inaendelea. Chini ya meza akaweka betri la akiba, pande la chuma zito lililowahi kutumika kwenye zahanati, lenye kuilinda mashine stima inapokatika au inapopanda ghafla. Ukutani akabandika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono wake wa kikarani: USIZIME. USIGUSE. USIWEKE KIKOMBE.

Kilichowekwa humo ndani hasa ni Margaret.

Margaret alikuwa mwimbaji. Si wa kwaya tu, ingawa Jumapili alivaa joho kama wenzake. Bibi yake alimfundisha nyimbo za kilio za Wagiriama, nyimbo ambazo mwanamke mmoja huongoza na wengine huitikia, kila mfiwa na wimbo wake: aliyefiwa na mtoto, aliyefiwa na mume, aliyefiwa na mtu safarini. Zamani msiba haukuwa msiba bila kiongozi wa kilio. Siku hizi vijana huleta spika ndefu kuliko mlango, maiti yuko mochari na wasichana wanakata viuno uani mwa wafiwa, na huo ndio uitwao msiba. Waliozijua zile nyimbo walikuwa wamekwisha mmoja mmoja, akabaki Margaret. Wapo vikongwe waliojua kuitikia. Wa kuongoza hakuwapo tena mwingine.

Kwa miaka mitano, kila Jumapili baada ya ibada, Changawa alifunga madirisha kuzuia ngurumo za malori ya barabara ya Nairobi, akasimamisha simu juu ya sufuria iliyofudikizwa, na mkewe akaimba. Alikohoa kwanza kila mara. Kisha angeuliza, "Umerekodi?"

"Nimerekodi."

"Basi futa. Nimekosea hapo kwa shangazi, nimemzika kabla hajaugua."

Wakacheka, wakaanza upya. Zilifika nyimbo mia mbili na kumi na mbili. Changawa alizipa namba, tarehe, na maelezo mafupi ya kila moja.

"Jifunze na wewe, hata mmoja tu," Margaret alimwambia Jumapili moja. "Mimi nikikwama, unishike mkono."

"Kuna haja gani? Ziko hapa." Akapiga mgongo wa mashine kwa kiganja, kama mtu apigaye mgongo wa ng'ombe wake.

Margaret akajifunga leso upya. "Baba Sarah, siku nikifa, huyo Ngumbao wa mdogo wako asiniletee zile spika zake."

"Wewe hufi leo."

"Sikusema leo. Nauliza, nani ataniimbia? Hawa wanaojua kuitikia watamwitikia nani?" Akaitazama kompyuta. "Basi nitajiimbia mwenyewe. Siku nitakapoletwa hapa kwa mara ya mwisho, huyu mke wako mdogo mfungue kinywa. Mniimbishe ule wa mlango."

Wimbo wa mlango ulikuwa namba arobaini na moja. Huimbwa mama wa nyumba anapotolewa nyumbani kwake asirudi.

"Nitamfungua," akasema Changawa.

"Sema wallahi, kama jirani yetu Mama Jalila."

"Mimi Mkristo, mwanamke we."

"Sema tu."

"Wallahi," akasema, na Margaret akacheka mpaka akashika ubavu.

Binti yao, Sarah, aliyeolewa Frere Town na kufanya kazi ya ofisi, alikuja mara kwa mara, na kila akija alirudia lile lile.

"Shikamoo, Baba. Nipe nakala ya nyimbo za Mama."

"Marahaba. Nakala ziko mbili."

"Mbili ndani ya kasha moja, Baba. Kasha likidondoka?"

"Wewe ukipewa utaziweka wapi? Kwenye simu. Na simu yako inapeleka kila kitu kwa wale wale."

"Basi nipe diski tu. Nitaitia kabatini chini ya mashuka, hata kuiwasha sitaiwasha."

"Kabati la mume wako si nyumba yangu."

Sarah akachukua mkoba wake. Margaret alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi na uso mzito. "Mpe mtoto," akasema. Changawa akarudi kwenye mashine yake. Na lililomsumbua baadaye kuliko yote ni kwamba alijua. Vitabu vyote alivyosoma vilisema nakala moja ilale nyumba nyingine. Katika kimoja alikuwa amepigia maneno hayo mstari kwa kalamu nyekundu. Alikubali kila kitu alichosoma isipokuwa hicho, kwa kuwa kila alipokifikiria aliyaona yale mashimo ya Kaloleni.

Margaret aliingia hospitali siku ya Jumanne akiwa na shida ya kupumua. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alikuwa amefariki.

Nyumba ya msiba huondolewa vyombo. Viti, meza, makabati, vyote hutolewa nje, mikeka na magodoro hutandikwa chini, na wafiwa hukaa sakafuni mpaka siku ya kuzika. Hakuna anayeomba ruhusa kufanya hivyo. Wanawake wa jirani hufika, wakafunga leso viunoni, wakaanza. Changawa na Sarah walikuwa bado hospitalini wakishughulikia karatasi. Waliporudi, sebule ilikuwa tupu kama siku ilipojengwa. Kipande cha boksi kilikuwa bado ukutani, kikimwambia mtu asiguse.

Changawa alisimama katikati ya mikeka.

"Bi Mdogo yuko wapi?"

Mama Jalila, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyesimamia kazi. "Yuko kwangu, baba, usitie shaka. Wallahi nimembeba kwa mikono yangu kama mtoto mchanga, nimemfunga shuka, yuko chini ya kitanda changu. Hakuna atakayemgusa."

Changawa alimshukuru kwa moyo wote. Hakuuliza juu ya betri. Akili yake ilikuwa mochari.

Ngumbao, mtoto wa mdogo wake, alileta spika zile zile zilizokatazwa. Changawa alimfuata uani akamwambia marehemu hakuzitaka.

"Baba mkubwa, vijana watakujaje bila muziki?" Ngumbao akamjibu kwa upole, kama asemaye na mgonjwa. "Tumpe mama mkubwa heshima yake."

"Nani aliyekuita mtu mzima hata unifunze mimi heshima?" Changawa akafoka. "Heshima ya kukatiwa viuno?"

Walipatana kwamba asubuhi ya Jumamosi, mwili utakapopitishwa nyumbani kabla ya kwenda kuzikwa Kaloleni, zitapigwa nyimbo za dini tu. Usiku wa siku mbili zilizotangulia, Changawa alilala sakafuni huku ukuta ukimtetemesha mgongo.

Jumamosi saa moja alikwenda mwenyewe kwa Mama Jalila, akaibeba mashine kifuani, akaiweka juu ya kigoda karibu na mlango wa mbele. Akaunganisha kioo chake na vile vispika vyake viwili vidogo. Akatafuta pa kuchomeka. Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri.

"Lile betri langu liko wapi?" akauliza. "Lile pande zito lililokuwa chini ya meza?"

Wanawake wakatazamana. Mama Jalila akatia kidole mdomoni. "Lile chuma? Baba, tulidhani ni betri bovu la gari. Vijana walikosa kitu cha kushikizia kamba ya hema."

Lilikuwa hapo pembeni ya uwanja, kamba imezungushwa mara tatu, limezama nusu kwenye tope. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imelinyeshea kutwa. Changawa alilifungua kamba, akaliinua, likatiririsha maji kutoka matundu yake yote kama mtu aliyeopolewa.

Kutoka barabarani ikasikika honi ya gari la maiti, na nyuma yake wanawake wakaanza kulia.

"Jenereta yangu inaunguruma hapo, baba mkubwa," akasema Ngumbao. "Chomeka tu. Spika zangu zinakula hapo tangu Alhamisi, hazijafanya kitu."

Changawa alijua. Alifanya kazi bandarini miaka thelathini na moja, aliona jenereta zinavyoruka mzigo mzito unapoachiwa ghafla, aliona taa zinavyopasuka. Hakuwahi, hata siku moja, kuichomeka mashine ile mahali pasipo na kinga. Akaangalia mlango. Gari lilikuwa linapinda kona. Alikuwa amemwambia wallahi.

Akachomeka.

Mashine iliwaka bila kusita. Feni ikazunguka, taa ndogo ya kijani ikapepesa, na mikono ya Changawa ikaandika nenosiri bila yeye kuangalia. Orodha ikafunguka. Jeneza liliingia uani mabegani mwa vijana sita, Sarah akilifuata huku ameshikwa mikono miwili. Likatuliwa juu ya viti viwili mbele ya mlango. Changawa akabonyeza namba arobaini na moja.

Kutoka kwenye vile vispika viwili Margaret akakohoa.

Hakuna aliyesikia isipokuwa yeye, kwa sababu spika za Ngumbao zilikuwa zinaimba pambio kwa nguvu zote. Changawa akageuka, akapiga kelele kwa sauti ambayo watu hawakuijua kuwa anayo: "Zima! Zima hizo spika!"

Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Ngumbao alimtii baba yake mkubwa papo hapo. Akashusha swichi kubwa, spika zote nane zikafa kwa pamoja. Uani pakawa kimya. Katika kimya hicho watu wote walimsikia Margaret akiuliza, "Umerekodi?" na sauti ya Changawa, changa kidogo kuliko ilivyo sasa, ikimjibu, "Nimerekodi."

Jenereta, iliyotuliwa mzigo wake wote kwa mara moja, ikanguruma juu. Ndani ya kasha jeusi kitu kikalia kama kijiti kinachovunjwa. Kioo kikazima. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda mpaka puani mwa waliokuwa mbali, na kitambaa cheupe, ambacho Mama Jalila alikuwa amekirudisha kwa mapenzi yake mahali pake, kikaanza kufuka moshi ukingoni. Sarah akakinyakua.

 Watu wote walimtazama Changawa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameomba kimya.

Wale vikongwe wanne waliotoka Kaloleni walikuwa wameketi kwenye mkeka karibu na jeneza. Mmoja, mwanamke asiye na meno, akamwinulia kidevu: haya, anza wewe.

Changawa akafungua kinywa, akaimba mstari wa kwanza. Kwa Kigiriama ulikuwa ukiuliza, mama, mlango umemwachia nani. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu asiyewahi kuimba mbele za watu. Vikongwe wakaitikia, wanne kama mmoja, na watu wakasogea karibu, kwani wengi hapo hawakuwa wameusikia mwitikio ule tangu utotoni.

Wakangoja mstari wa pili.

Aliujua wimbo ule kwa kila namna isipokuwa kuuimba. Alijua tarehe uliporekodiwa. Alijua una dakika sita na sekunde kumi na nane, na kwamba katikati yake lori linapiga honi, na karibu na mwisho kuku wa Mama Jalila wanagombana. Alijua uzito wake kwenye diski. Maneno ya mstari wa pili hakuwa nayo, kwa kuwa alikuwa na mahali pa kuyaweka.

Akarudia mstari wa kwanza. Wakaitikia. Akaurudia tena, na safari hii waliitikia watatu. Mara ya nne alijibiwa na yule asiye na meno peke yake, kwa huruma. Ndipo mchungaji akasogea, akafungua kitabu cha tenzi, na Margaret akatolewa mlangoni kwake kwa wimbo ambao ungefaa kwa mtu yeyote.

Fundi wa mjini alizifungua zile diski wiki iliyofuata. Alimrudishia zote mbili kwenye mfuko wa karatasi. Pacha, akasema, zimekufa kipacha. Sarah alikuwapo. Alikuwa na neno moja ambalo angeweza kulisema, na Changawa alilingoja njia yote ya kurudi, kupitia Changamwe mpaka nyumbani. Hakulisema. Ingekuwa nafuu kama angelisema.

Cherehani ilirudi kwenye meza yake ya kona, ingawa hakuna wa kuishonea. Baada ya arobaini Changawa alipanda Kaloleni akiwa na simu na sufuria. Alikaa na wale vikongwe siku nne. Walimwambia waziwazi kwamba wao hawakuwahi kuongoza. Wanajua majibu tu. Akasema atayachukua majibu. Wakaitikia arobaini na tatu, wakiyatafuta kwa taabu, wengine wakibishana, na kati ya mwitikio na mwitikio Changawa hakuizima simu. Aliacha kimya kiende urefu wa mstari mmoja.

Akayaandika kwenye diski mbili mpya. Moja akaificha nyumbani. Ya pili akaifunga ndani ya kile kitambaa kilichoungua ukingo, akaipeleka Frere Town, akambishia mkwewe hodi na kungoja aitikiwe.

Sarah aliisikiliza kidogo kabla ya kuitia kabatini chini ya mashuka.

"Mbona umeacha kimya katikati, Baba? Ningekukatia."

"Usikate," akasema Changawa. "Hapo ndipo anapoimba mamako."